Dakika ya kumi na mbili

Kabla ya kuwasha kompyuta, mchapaji hufunga dirisha la upande wa barabara, maana tuktuk za Kisauni hazimhurumii mtu anayesikiliza. Feni nayo huizima. Jasho litamtoka saa nzima; hajali.

Mezani pana vitu vichache: rekoda inayotosha kiganjani, hedifoni kubwa za kufunika sikio zima, daftari la mistari, penseli mbili zilizochongwa, na leso kuukuu iliyokunjwa mara nne. Nilidhani leso ni ya kufutia jasho. Kumbe hutandikwa chini ya rekoda siku ya mahojiano, ili kikombe kikigonga meza, mlio usiingie ndani ya sauti ya anayezungumza. Aliligundua hilo baada ya kuharibu rekodi mbili.

Kwa miaka mingi alichapa hati za mawakili, kule kisiwani Mombasa, hati ambazo koma moja ikikosewa ukurasa hurudishwa. Siku hizi jioni zake huzitoa kwa hifadhi ya historia iliyoko mtandaoni, inayojengwa na wachangiaji wenyewe, kila mmoja akileta alichonacho: sauti, picha, barua, hukumu ya mahakama. Historia yenyewe ni ya mashoga, wasagaji na wote ambao Uganda wanaitwa kuchu, jina lililokwisha kuvuka mipaka. Wengine wametangulia. Marekani, Jonathan Ned Katz alianzisha OutHistory mwaka 2008; Johannesburg wana hifadhi yao, GALA, tangu 1997; na None on Record, aliyoianzisha Selly Thiam mwaka 2006, imekusanya sauti za Waafrika wenyewe. Ila ukitafuta maandishi ya kale kuhusu pwani yetu, utamkuta Michael Haberlandt wa Austria akiandika juu ya Unguja mwaka 1899, kisha mwanaanthropolojia Gill Shepherd akiandika juu ya Mombasa mwaka 1987. Wote wageni. Mchapaji hana ugomvi nao. Anachotaka ni kuwasikia watu wa pwani wenyewe wakizungumza bila mkalimani.

Rekodi niliyomkuta akiifanyia kazi ni ya mzee mmoja wa Likoni. Kazi ya mzee huyo nilikwisha kuitaja hapa, nikaifuta, sababu itaonekana. Mchapaji alivuka na feri mara tatu. Safari ya kwanza alikwenda kusalimia tu. Ya pili alimsomea karatasi ya ridhaa, polepole, swali moja baada ya jingine: sauti isikike na watu, au isomwe tu? Isomwe sasa, au ifungwe hadi mwenyewe atakapokuwa hayupo? Na akibadili mawazo mwakani, ampigie nani? Mzee alichagua maandishi bila sauti. Safari ya tatu ndipo wakakaa, leso chini ya rekoda, chai ya tangawizi kando.

Wengi hudhani kuandika kilichorekodiwa ni kuchapa tu. Nilikaa naye alasiri nzima, akamaliza dakika tisa. Mara ya kwanza husikiliza bila kugusa kibodi, macho ameyafumba, apate kujua mtu huyu hupumulia wapi na hukimbilia wapi. Mara ya pili huchapa, sekunde tano tano, akirudisha na kusikiliza tena, kichwa kimeinamia kushoto, kwa kuwa sikio la kushoto ndilo analoliamini. Mara ya tatu husoma alichochapa huku sauti ikienda, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa chuoni.

Mzee akisema ndia, huchapa ndia; hageuzi kuwa njia. Mato hubaki mato, na yuwaja hubaki yuwaja. Kompyuta humpigia mstari mwekundu chini ya kila neno la Kimvita, ukurasa mzima ukaonekana kama umechanjwa, naye huuacha hivyo hivyo. Mzee akinyamaza, huhesabu kimya hicho na kukiandika kwa mabano: sekunde saba, sekunde kumi na nne. Kikohozi hukiandika pale tu kinapokata neno. Adhana iliyosikika kwa mbali ameiandika pia. Nilipomuuliza ya nini, alirudisha nyuma akanisikilizisha: baada ya adhana, mzee alishusha sauti, na hakuipandisha tena mpaka mwisho.

Ikafika dakika ya kumi na mbili. Mzee anasema mwenzake alihamia kwake mwaka 1996. Mchapaji akachapa 1996, akaweka nyota, akavua hedifoni. Nikadhani amechoka. Akafungua daftari, akarudi kurasa nne. Dakika ya nane mzee alikuwa amesema kwamba siku ya kuhama walikwepa kupita Mtongwe, kwa sababu watu walikuwa bado wakingojea maiti. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa. Basi si 1996. Akasogea hadi dakika ya thelathini: godoro linalowa mkokotenini, magurudumu yamenasa matopeni. Masika, hiyo. Kisha, karibu na mwisho, mzee anakumbuka kwamba Idi ya kuchinja ilipofika, walikuwa wamekwisha kuwa pamoja, na mbuzi walimnunua kwa kuchanga. Mchapaji akafungua kalenda ya Hijria. Idi hiyo, mwaka huo, iliangukia wiki ya tatu ya Mei.

Akachora mstari kwa penseli. Ncha moja akaandika feri, ncha ya pili akaandika Idi, na katikati: wiki tatu. Mtu na godoro lake, miaka thelathini na ushei iliyopita, wamepatikana ndani ya wiki tatu. Hesabu hiyo ilimchukua karibu saa mbili. Mdomo wa mzee hakuusahihisha: 1996 imebaki pale aliposema, na hesabu imekaa chini yake kama tanbihi.

Nilidhani ugumu umekwisha. Kumbe hapo ndipo anapochonga penseli upya.

Mzee hataki kujulikana, na hofu yake si ya kubuni. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, tulichoachiwa na Waingereza, kinaweza kumfunga mtu miaka 14, na Mahakama Kuu ilikiacha kilivyo tarehe 24 Mei 2019. Tarehe 12 Februari 2010, hapo Mtwapa, mbele kidogo tu ya Kisauni, kundi la watu liliizingira kliniki ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kwa uvumi wa harusi ya wanaume wawili. Mchapaji analijua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba somo lake la kuficha alilipata mahakamani. Wanaume wawili walikamatwa Ukunda mwaka 2015 na kupimwa miili kwa nguvu. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani iliyoketi Mombasa ikasema vipimo hivyo ni kinyume cha sheria. Ukiisoma hukumu hiyo, jina la mlalamishi wa kwanza ni herufi tatu tu, COL. Maumivu yake yote yamo, hoja zake zimo, ila huwezi kumwendea nyumbani.

Hivyo husoma maandishi yake kwa jicho la jirani mbeya. Kando ya kila sentensi huandika idadi: watu wangapi Likoni wanaweza kuwa huyu? Mwanamume aliyepita sitini: maelfu. Aliyehamiwa na mtu mwaka wa feri: mamia, mwaka huo ni wa Likoni nzima, haumfichui mtu, kwa hiyo unabaki. Anayefanya kazi ile niliyoifuta: labda ishirini. Anayefanya kazi ile, na kakake akawa na cheo fulani msikitini: mmoja. Hapo huweka duara. Kisha hupanua. Kazi huwa “kazi ya mikono”, mtaa huwa Likoni, kakake huwa “mtu wa nyumbani”. Jambo moja hakubali, nalo ni kumpa mzee kazi ya mtu mwingine ili kupoteza nyayo. Asema msomaji wa kesho akigundua uongo mmoja, atautupa ukurasa mzima, na atakuwa na haki. Kwa hiyo hupanua na kupanua mpaka ile “mmoja” iwe mia, bila kuvuka kuingia kwenye uongo. Sentensi ya kakake aliiandika mara sita nikiwapo.

Mwisho kabisa hujaza maneno ya kutafutia, na hapo huenda pole kupita kiasi. Hapa kwetu mwanamke humwita rafikiye shoga bila kuwaza lolote. Mwanamume akiitwa hivyo, ni tusi au ni jina, kutegemea kinywa kilichotamka. Kanuni yake ni kuliandika neno iwapo msimulizi mwenyewe alilitumia, na si vinginevyo. Mzee hakulitumia hata mara moja.

Jumapili tulivuka kwenda kumsomea. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi. Penye kakake alitabasamu, akasema hata yeye hangemjua. Mchapaji akaendelea hadi kwenye muhtasari, mahali alipoandika kwamba msimulizi aliishi na mpenzi wake miaka kumi na moja.

“Hapo, mwanangu,” akasema mzee. “Mimi nalisema mwenzangu.”

“Naam, ami. Hilo neno nimelitia mimi.”

“Basi litoe.”

Akalikata kwa penseli palepale, akaandika mwenzake juu yake, akamsomea tena mstari mzima. Usiku huo, Kisauni, dirisha limefungwa, alilitafuta ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa limejificha mahali pawili zaidi.