Wingu la Nundu Tatu: Somo Lililonipagawisha

Jamani, acheni mnachofanya mtafute chaki! Nimejaribu na watoto wa jirani hapa Bunyakiri somo la kuchora wingu la katuni, na tangu hapo sina habari nyingine ya kusimulia. Nundu, nundu, nundu, kisha mstari bapa chini. Basi! Wingu limekamilika, na mtoto wa miaka minne anawaita watu wote wa ua waje kuliona.

Mahali penyewe panachangia. Anayetoka Bukavu hupita Miti, akapenya mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha akateremkia huku kwetu, upande wa Kalehe unaoelekea msitu mkubwa. Mlima Kahuzi una mita 3,308 na Biega mita 2,790. Hewa yenye unyevu ikipandishwa na milima hiyo hupoa, na mawingu yanajitokeza. Mtoto wa hapa Bulambika hana haja ya kuelezwa wingu ni kitu gani. Mwalimu gani mwingine wa kuchora ana mfano wa bure, mkubwa hivyo, juu ya bati la darasa?

Sasa sikilizeni uzuri wake: wingu halikosewi! Nyumba ikipinda ukuta, kaka wakubwa hucheka. Mbuzi akitoka na miguu mitano, wanagaragara. Lakini wingu la nundu tatu, la nundu saba, lenye nundu moja iliyojitokeza mbele kama tumbo la mjomba siku ya harusi, kila moja ni wingu. Mtoto anayeogopa kushika chaki anashika, kwa sababu hakuna wa kumwambia amekosea.

Na mkono wake unaliweza. Watoto wengi huweza kuiga duara wakiwa na miaka 3 hivi. Mraba huwasumbua mpaka miaka 4 au 5, na pembetatu huchelewa zaidi. Nundu ni kipande tu cha duara. Kwa hiyo wa darasa la kwanza la materneli, yule ambaye bado analilia mama mlangoni, tayari ana zana zote. Muanzishe hewani: mkono unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, huku darasa zima likiimba „juu, chini“. Kisha vumbini kwa kidole. Ubao uje mwisho. Chaki nyeupe kwenye ubao mweusi, wingu linang'aa lenyewe! Sielewi kwa nini tunawaanzishia watoto jua, linalodai chaki ya njano ambayo dukani haipatikani.

Kumbe hata ule mstari bapa wa chini si uvivu wa wachora katuni! Hapo ndipo niliporuka. Hewa yenye joto hupanda kutoka ardhini ikiwa na mvuke usioonekana. Ikifika kimo fulani inakuwa imepoa kiasi cha mvuke kugeuka vitone. Kimo hicho hukaribia kuwa kimoja kwa mawingu jirani, ndiyo maana matako yao yamelala sawa huku vichwa vikifura kila kimoja kwa namna yake. Mwingereza Luke Howard, aliyekuwa muuza dawa London, aliyapanga mawingu kwa makundi mwaka 1802, na haya ya nundu yakapata kundi lao. Toka nje na watoto saa nne asubuhi, siku isiyo na mvua, waangalie chini ya wingu. Watakupigia kelele.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni hiki. Chora wingu, weka viduara viwili vitatu vinavyopungua, vielekee kichwa cha mtu. Tayari mtu huyo anawaza! Ni alama ileile inayotumika katika hadithi za picha, na sisi Wakongo tuna historia nayo: gazeti la Jeunes pour Jeunes lilianza Kinshasa mwaka 1968, na Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, ameifikisha kazi yake mpaka kwa wachapishaji wa Ulaya. Mtoto asiyejua herufi hata moja anaweza kukuonyesha kilicho kichwani mwake. Wengine hutia mpira, wengine sahani ya bugali. Msichana mmoja alitia wingu jingine ndani ya wingu, akakataa kueleza. Nilimwacha.

Kasoro zipo. Kwenye karatasi nyeupe wingu hupoteza nguvu, na mstari wa biki pekee hauliokoi. Afadhali upake buluu kuzunguka, au ubaki ubaoni. Kasoro kubwa zaidi ni ya sisi wakubwa: mwalimu akichora wingu moja zuri na kuamuru linakiliwe, anapata mawingu hamsini yaliyofanana na watoto hamsini waliochoka. Chora lako, lifute, kisha uwaachie ubao.

Alama zangu ni 9 kwa 10. Moja nimeikata kwa vumbi la chaki lililonikohoza hadi jioni. Walimu wa materneli wa Bulambika na Hombo, nanyi wazazi mlio na ukuta wa udongo na kipande cha mkaa, lijaribuni wiki hii, kabla mvua ya alasiri haijaingia.