Kopo la Mpishi wa Shughuli

Nenda kwa mpishi wa shughuli yeyote wa Tanga au Dar es Salaam umpe habari ya harusi, atakuuliza watu wangapi. Kisha: chakula cha mchana au cha usiku? Watoto wengi? Mchele umeshanunua? Ukimjibu bado, utamwona anafurahi.

Hesabu yake ya kuanzia haina siri: kilo 1 ya mchele kwa watu 8, yaani gramu 125 kwa kila mmoja, na wali ukiiva uzito wake hukaribia mara tatu. Wageni 400 ni kilo 50. Nyama nusu ya mchele ikiwa steki tupu. Ikiwa na mifupa, anaongeza. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kumfuata.

Maji ndiyo yanayomtenga fundi na wengine. Nyumbani tumezoea mchele kikombe kimoja, maji vikombe viwili. Mwanafunzi akiichukua hesabu hiyo akaipeleka kwenye sufuria ya shughuli, atapakua mashendea. Sababu yake ni nzuri mno. Mchele hunywa maji kwa kadiri yake, uwe kikombe au gunia. Maji yanayozidi ni ya kuondoka na mvuke, na mvuke haufuati wingi wa mchele, unafuata mdomo wa sufuria. Sufuria iliyoongezeka mara 2 kwa upana na kwa kina hubeba mchele mara 8, lakini mdomo wake umekua mara 4 tu. Kwa hiyo kadiri chungu kinavyokuwa kikubwa, maji kwa kila kopo la mchele hupungua. Wapishi wetu wanalijua jambo hili mikononi, na wanalijua sawasawa. Halafu, kwa pilau, supu iliyochemshiwa nyama nayo huingia katika hesabu ya maji, jambo ambalo wapishi wa nyumbani husahau.

Bado kuna mchele wenyewe. Mchele mpya wa msimu hunywa maji kidogo, uliokaa ghalani hunywa zaidi. Ndiyo maana mpishi huchukua punje chache, akazitafuna, akatazama, kabla hajagusa ndoo. Karafuu na mdalasini pia wengi hawazipandishi moja kwa moja na mchele, kwani sufuria kubwa hukaa motoni muda mrefu na viungo huendelea kutoa ukali wake.

Ninachokipenda zaidi ni kopo. Mpishi hahitaji kipimo cha dukani. Kopo lolote linamtosha, mradi lililopimia mchele ndilo lipimie maji. Uwiano haujali ukubwa wa chombo. Wazee wa pwani walijenga vipimo vyao juu ya fikra hiyohiyo: vibaba 2 ni kisaga, visaga 2 ni pishi, na mpaka leo Waislamu wengi hutoa fitri kwa pishi, yaani vibaba 4 vya chakula kwa kila mtu wa nyumba.

Maji yakikauka, moto wa chini hupunguzwa, kifuniko hufungwa, makaa hupaliwa juu. Hapo hakuna tena cha kuongeza wala kupunguza. Kazi yote ilikwisha kwenye kopo. Pilau inayofunuliwa baadaye, kila punje imesimama peke yake na chini ukoko mwembamba, si bahati. Ni hesabu iliyofanywa na mtu anayejua kipi kinakwenda sambamba na mchele na kipi kinabaki nyuma.

Basi wewe mwenye shughuli, mwite mpishi kabla hujaenda sokoni, si usiku wa kuamkia harusi. Mtajie idadi ya kweli ya wageni, hata wale unaowaonea haya kuwahesabu, na mwache achague mchele mwenyewe. Ujira wake uhesabu na hiyo kazi ya kupanga, maana ndiyo inayokuokolea gunia.