Winchi: Neno Moja, Kazi Tatu

Mfasiri wa vitabu vya ufundi ana tabia ya kuridhika mapema. Akipata neno la mkopo ambalo kila mtu analijua, huliandika na kwenda zake kwenye sentensi ifuatayo. Makala haya yanakusudia kumsimamisha kidogo mbele ya neno winchi. Limekwisha kukubalika, wala hatuna nia ya kulifukuza. Lakini iko kazi moja katika ufundi wa magari ya nyikani ambayo neno hilo, likiachwa peke yake, litampotosha fundi, na fundi aliyepotoshwa penye kamba iliyokazwa aweza kupoteza vidole.

Tuanzie Mtwara, maana huko tofauti tunayoitafuta yaonekana kwa macho. Bandarini, katika kina kile kirefu kilichochaguliwa kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, winchi ni mtambo wa kuinua. Mzigo hupaa kutoka gatini, hupita hewani, ukateremshwa tumboni mwa meli. Kamusi zetu zimeifuata bandari: huieleza winchi kwa kazi ya kunyanyua vitu vizito. Sasa toka mjini uelekee Msimbati, ndani ya eneo la hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Huko njia ni ya mchanga, na winchi iliyofungwa mbele ya gari haiinui kitu. Waya hupelekwa hadi kwenye shina la mti, ngoma ya winchi huzunguka, na gari hujikokota lenyewe hadi penye ardhi ngumu. Ndiyo kazi ya winchi pia katika mashindano ya Rhino Charge yaliyoanza Kenya mwaka 1989. Kuinua na kuvuta: msomaji huzibeba kazi hizi mbili ndani ya neno moja bila taabu, kwa kuwa katika zote mbili kitu kilicho upande mmoja wa kamba huhamishwa kwenda upande wa pili.

Kazi ya tatu ni ya mlimani. Atakayesimama Newala, pale paitwapo Shimo la Mungu, akatazama chini kwenye bonde la Ruvuma, hahitaji kuelezwa mlima mkali ni nini. Gari linapopanda mahali pa namna hiyo, uzito wake hurudi nyuma. Springi za mbele hupungukiwa na mzigo, nazo, kwa kuwa ni springi, hutanuka. Pua ya gari huinuka, kitovu cha uzito huzidi kwenda juu na nyuma, magurudumu ya mbele hayashiki tena ardhi kwa nguvu, na mlima ukizidi ukali gari laweza kupinduka kinyumenyume. Wakwezao miamba kwa magari huko Marekani, kama vile katika mji wa Moab, wamebuni dawa yake. Winchi ndogo hufungwa kwenye chesisi, kamba yake ikashuka hadi kwenye ekseli ya mbele. Dereva akiizungusha, chesisi na ekseli huvutwa zikaribiane, springi zikabaki fupi, pua ikabaki chini. Winchi hiyo haiongezi uzito mbele hata ratili moja zaidi ya uzito wake yenyewe. Huzizuia tu springi zisitanuke. Gharama yake ni kwamba gurudumu la mbele haliwezi tena kushuka kufuata shimo, na kwa hiyo mlima ukiisha kamba hurejeshwa ilivyokuwa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapopimwa. Jina ambalo Wamarekani hao wamekipa chombo chao, likifasiriwa neno kwa neno, latoa “winchi ya kunyonya chini”. Mfasiri mwangalifu ataona haya, akalibadili kuwa “winchi ya kukandamiza springi”, akadhani amesalimika. Hajasalimika. Msomaji aliyekulia katika lugha ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ataihurumia springi hiyo, inayonyonywa na kukandamizwa kwa wakati mmoja. Lakini tuuache mzaha. Kosa la kukandamiza ni la kiufundi kuliko la kisiasa. Anayekandamiza yuko juu ya kinachokandamizwa, naye hutumia uzito. Mwambie dereva akandamize springi za mbele, naye kwa haki kabisa atapandisha watu wawili juu ya boneti. Kubonyeza nako hakufai, kwa kuwa kidole hubonyeza na kuondoka.

Kitenzi kinachosema ukweli ni kubana. Mlango hubana kidole, koleo hubana chuma. Daima pana pande mbili na kitu katikati yake, na ndivyo springi ilivyo katikati ya chesisi na ekseli. Kisha pana kukaza, ambako wengi hukuchanganya na kubana. Kamba hukazwa, springi hubanwa. Kitabu kikiandika “kaza springi”, fundi atatafuta nati ya kukaza, naye ataipata, kwa kuwa springi haikosi nati karibu yake.

Baadhi ya wasomaji watapendekeza “kibana springi”, kwa mfano wa kinasa sauti na kifungua kinywa. Ni umbo zuri, na fupi. Hata hivyo lifaa liachiwe chombo kingine: kile cha skrubu kitumikacho gereji kuibana springi ya mzunguko wakati wa kuitoa kwenye shokomzoba. Chombo hicho hukaa sandukuni. Hiki chetu hukaa garini na hufanya kazi gari likitembea. Kuviita jina moja ni kuleta balaa kwenye orodha ya vipuri. Kwa hiyo tunapendekeza “winchi ya kubania springi”, na tunasisitiza kauli ya kutendea. Kalamu ya kuandikia si sawa na kalamu ya kuandika, na mwalimu yeyote wa sarufi aweza kueleza kwa nini; ni ajabu kwamba tafsiri nyingi za ufundi huitupa kauli hiyo kana kwamba ni pambo. Ile ya mchangani nayo iitwe “winchi ya kuvutia gari”, na ya bandarini ibaki winchi tupu, maana ndiyo mzee wao.

Juu ya mfumo mzima wa springi hatuna mengi. Neno “mning'inio” limeundwa kutoka kwenye kamusi, halikutoka chini ya gari. Madereva husema gari limekaa juu ya springi, nao wanasema kweli. Tuandike “springi na shokomzoba”, au “suspensheni” mahali panapohitaji neno moja. Kamani iachwe kwenye saa.

Wako watakaouliza kwa nini tusilifufue neno duara. Swali hilo lina uzito. Kamusi za zamani, tangu ya Steere katika karne ya 19, zinalitaja duara kwa maana ya mtambo wa kuzungushia kamba, mbali na maana ya kitu cha mviringo. Roda, tuliloazima kwa Wareno, kwao lilikuwa gurudumu. Maana yake ni kwamba mabaharia wa pwani hii waliutazama mtambo, wakaona kinachozunguka, wakaupa jina. Ni kanuni nzuri, na sisi twaisifu. Lakini duara limekwisha kuchukuliwa na hisabati, na mtoto wa shule ya msingi hatakubali kulirudisha. Afadhali kuvuna palipobaki mazao. Jahazi la Mikindani lina henza na jarari, gofia na abedari, kapi na roda, yote maneno ya kamba na vipitishio vyake. Basi pale ambapo kamba ya winchi ya kubania hushuka kutoka chesisi, ikazunguka kigurudumu kilichofungwa kwenye ekseli, ikarudi kufungwa kwenye chesisi, nguvu huongezeka takriban maradufu na mwendo hupungua nusu. Baharia anaijua hesabu hiyo bila karatasi, na kigurudumu chenyewe anakiita roda. Kuandika “puli” hapo ni kumnyima mwanafunzi wa chuo cha VETA neno ambalo babu yake alilitumia kazini.

Limebaki jambo lenye hatari kuliko yote, nalo ni tendo la kurejesha kamba. Vitabu vya Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa kufungua, kuachia na kulegeza, na mfasiri huchagua kilicho karibu na kalamu yake. Springi iliyobanwa imeweka nguvu ndani yake. Ukiachia, nguvu hiyo yote hutoka kwa mara moja: kamba hufyatuka, na pua ya gari huruka juu, pengine gari lingali mlimani. Ukifungua, maana yake umeichomoa kulabu, jambo lisilofaa kufanywa kamba ikiwa imekazwa. Ni kulegeza peke yake kunakobeba maana ya kidogo kidogo, mkono ukiwa bado unatawala. Maagizo basi yaandikwe hivi: “Ufikapo mahali tambarare, simamisha gari. Legeza kamba polepole hadi springi zirudie urefu wake. Usiiachie. Fungua kulabu baada ya kamba kulegea kabisa.” Hapo vitenzi vitatu vinasimama kila kimoja mahali pake, na anayesahihisha chapa asithubutu kubadili kimoja kwa kingine ati kwa kukwepa marudio.