Nyuzi tano zilipokuwa tatu

Agosti 2024 toleo la 7.2 la Rails, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Ruby, lilitoka na badiliko dogo ambalo wengi walilipita. Katika faili la mipangilio ya Puma, seva inayopokea maombi ya watumiaji na kuyakabidhi kwa programu, idadi ya nyuzi kwa kila mchakato ilishushwa kutoka 5 hadi 3. Puma ndiyo seva inayokuja na Rails tangu toleo la 5 la mwaka 2016, na watu wengi hawaigusi namba hiyo kabisa: wanaikuta, wanaiacha, wanapeleka programu kazini. Programu za zamani zimebaki na 5 yake mpaka mwenyewe afungue faili. Mimi naliona badiliko hili kuwa somo zuri kuliko miongozo mingi, kwa sababu lilikwenda kinyume na silika yetu. Seva ikilemewa, mkono wa fundi hukimbilia kuongeza.

Mchakato ni programu nzima iliyopakiwa kwenye kumbukumbu. Uzi ni mkondo wa kazi ndani ya mchakato huo, na nyuzi zote hutumia kumbukumbu ile ile, ndiyo maana uzi ni rahisi na mchakato ni ghali. Lakini Ruby ya kawaida ina kufuli kuu: ndani ya mchakato mmoja, ni uzi mmoja tu unaoendesha msimbo wa Ruby kwa wakati mmoja, hata mashine ikiwa na viini 16. Uzi huliachia kufuli pale unapongoja kitu cha nje, kama jibu la hifadhidata au la mfumo wa malipo.

Fikiria saluni yenye wasusi watano na draya moja. Mteja aliyepakwa dawa anakaa anangoja ishike, na msusi wake haihitaji draya, hivyo mwenzake anaichukua. Hapo wasusi watano wana faida. Ila wateja wote wakiwa wameshaoshwa nywele, wanne wanasimama wakimtazama mmoja.

Tuweke namba. Ombi moja lichukue milisekunde 100: 50 za kuendesha msimbo, 50 za kungoja hifadhidata. Uzi mmoja unamaliza maombi 10 kwa sekunde. Kwa kanuni aliyoieleza Gene Amdahl mwaka 1967, nyuzi 3 zinafikisha 15, na nyuzi 5 zinafikisha takribani 17. Ukiweka nyuzi 100 hutavuka 20, kwa sababu zile milisekunde 50 za msimbo haziendeshwi sambamba. Uzi wa nne na wa tano, kwa pamoja, zimeleta maombi mawili hivi.

Bei yake ni ucheleweshaji. Ruby huupa uzi zamu ya hadi milisekunde 100 kabla ya kuupokonya kufuli. Ombi dogo lililokwisha pata jibu la hifadhidata, likabakiza kazi ya milisekunde 2 tu, linaweza kukuta nyuzi nyingine nne zote zina kazi nzito mbele yake: milisekunde 400 za kusubiri. Kwa nyuzi tatu, kusubiri huko kunaishia 200. Programu iliyotunzwa vizuri, yenye maswali mepesi ya hifadhidata, hungoja kidogo, hivyo nyuzi nyingi huisaidia kidogo na kuiumiza zaidi. Hiyo ndiyo hoja iliyoishusha 5.

Viini vinavyobaki hutumiwa kwa michakato, kwani kila mchakato una kufuli lake. Naanza na mchakato mmoja kwa kila kiini, kisha natazama kumbukumbu. Puma inaweza kupakia programu kwanza, ndipo izae michakato. Watoto hushirikiana kurasa za kumbukumbu na mzazi mpaka mmoja wao aandike juu yake. Ushirika huo ulikuwa ukivunjwa na mkusanya taka wa Ruby, anayesafisha kumbukumbu isiyotumika, aliyekuwa akiweka alama ndani ya kila kitu alichokigusa, mpaka Ruby 2.0 ya mwaka 2013 ilipozihamishia alama hizo pembeni.

Kuna hesabu nyingine ambayo hailetwi na Ruby hata kidogo, nayo iliwahi kunilaza kazini. Tulikuwa na mashine 3, kila moja michakato 4, kila mchakato nyuzi 5, na kila uzi muunganisho wake: miunganisho 60 kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo kwa mpangilio wake wa awali hukubali 100 na kutenga 3 kwa msimamizi mkuu. Nikapandisha nyuzi kuwa 8. Tatu mara nne mara nane ni 96, inatosha. Wiki nzima ilitosha. Kisha tukapeleka toleo jipya mchana, watumiaji wakiwa wengi, michakato mipya ikaamka kabla ya ile ya zamani kufunga kazi, na hifadhidata ikaanza kukataa wageni. Sikuwa nimehesabu dakika zile ambazo vizazi viwili vinaishi pamoja, wala kazi za nyuma zinazotuma barua pepe, nazo zina miunganisho yake.

Siku hizi sigusi namba kabla ya kupima vitu viwili. Cha kwanza ni muda ambao ombi limekaa foleni: Nginx, seva iliyo mbele ya Puma, iandike saa ombi lilipoingia, programu itoe tofauti. Foleni ikiwa fupi na majibu bado ni ya polepole, tatizo liko ndani ya msimbo au kwenye hifadhidata, na hakuna uzi utakaolitibu. Cha pili ni sehemu ya ombi inayokwenda kwenye kungoja. Ikiwa ni robo, nyuzi 3 zinaongeza uwezo kwa asilimia 20 na nyuzi 5 kwa asilimia 25. Ikiwa ni robo tatu, kama ilivyo kwa huduma inayozungumza na mtandao wa malipo kutwa, tatu zinakupa mara 2 na tano mara 2.5, na hapo ile 5 ya zamani nairudisha mwenyewe.