Mbaazi Aina ya Mali: Ukinzani Uliopatikana Kwenye Shamba Lenye Ugonjwa

Babati, mkoani Manyara, mbaazi hupandwa pamoja na mahindi katika shamba moja. Kwa muda mrefu kilimo hiki kilisumbuliwa na mnyauko. Kuvu aitwaye Fusarium udum hujificha udongoni, huingia kwenye mizizi na kuziba mirija inayopandisha maji. Mmea hunyauka wakati wa maua au wa kuweka maganda, mkulima akiwa ameshaupalilia miezi mingi. Dawa ya kupulizia majani haiufikii ugonjwa huo.

Watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao, na wenzao wa taasisi za kitaifa wakaamua kutafuta kinga ndani ya mbegu yenyewe. Njia yao ilikuwa kali: kupanda aina nyingi kwenye shamba lililojazwa kuvu kwa makusudi, kisha kuchagua zilizosalimika. ICEAP 00040, ambayo Tanzania iliipa jina la Mali, ni miongoni mwazo. Katika matokeo yaliyochapishwa 2006, kiwango chake cha mnyauko kilikuwa chini ya asilimia 20 nchini Kenya, Malawi na Tanzania. Kwangu mimi, kusimama imara katika nchi tatu kuna uzito kuliko mavuno makubwa ya msimu mmoja.

Mali huchelewa kukomaa, na hapo ndipo ilipo faida yake. Mwanzoni hukua taratibu, haiyasongi mahindi. Mahindi yakishavunwa, mzizi wake mrefu hufuata unyevu uliobaki chini. Punje, zenye protini ya asilimia 20 hivi, huliwa au huuzwa. Majani, maganda na makapi ni malisho ya ng'ombe na mbuzi. Kuku na nguruwe wapewe punje zilizochemshwa, kwani mbichi zina kemikali zinazozuia mmeng'enyo wa protini. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, bei huku kwetu iliporomoka. Kwa hiyo matumizi ya nyumbani na zizini yanastahili kuthaminiwa zaidi.

Udhaifu uko kwenye mbegu ya kujiwekea. Nyuki huleta chavua kutoka mashamba jirani yenye mbaazi za zamani, na ukinzani hupungua msimu hadi msimu. Mkulima, tenga mimea yenye afya iliyo katikati ya shamba, uivune peke yake kwa mbegu, na baada ya misimu michache nunua mbegu mpya iliyothibitishwa.