Kunasa Gitaa Katika Mji wa Shaba

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, eneo la Katanga kusini mwa Kongo, ambao leo unaitwa Likasi, Mwingereza Hugh Tracey, mnasaji wa muziki wa Afrika, alimsikiliza kijana mmoja aliyekuwa akipiga gitaa kavu kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya mwaka 1930. Tracey akatega maikrofoni, akanasa nyimbo zake, na kampuni ya Gallo ya Johannesburg ikazitoa kwenye santuri. Mmoja kati ya nyimbo hizo, "Masanga", ulipewa Tuzo ya Osborn ya mwaka huohuo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alihamia Nairobi kwa muda, na wapiga gitaa wa Kenya wakawa wanakaa karibu naye ili wamwangalie vidole.

Dakika tatu hivi za santuri zilitosha kumfikisha mtu wa Katanga masikioni mwa Afrika Mashariki nzima. Lakini dakika hizo zilidai mengi. Ilibidi gari lisafiri kutoka Afrika Kusini likiwa limebeba mitambo ya kunasia sauti. Ilibidi jenereta iwekwe mbali ili ngurumo yake isiingie kwenye wimbo. Ilibidi pawepo kampuni yenye mtambo wa kugandamiza santuri na maduka ya kuziuza. Juu ya yote, ilibidi mgeni huyo apite Jadotville siku ambayo Mwenda yupo. Losta Abelo na Edouard Masengo nao walipata kusikika kwenye santuri. Wengine waliopiga gitaa katika kambi za wafanyakazi wa migodi jioni zilezile hawakupata bahati hiyo, na nyimbo zao zimekwenda nao.

Muziki haukuwa mali pekee iliyotoka hapa kwenda mbali. Kiasi cha kilomita 20 magharibi mwa Likasi kuna Shinkolobwe, mahali palipozoea kutoa mali isiyorudi. Madini ya urani yaligunduliwa pale mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière ikayachimba kwanza kwa ajili ya radiamu. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, aliamuru zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo zisafirishwe hadi New York, zikahifadhiwa ghalani Staten Island. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika mradi wao wa bomu la atomiki ilitoka kwenye shimo hilo. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yakajazwa zege. Wachimbaji wadogo waliurudia miaka ya baadaye wakitafuta kobalti na shaba, hadi mwaka 2004 serikali ilipoufunga rasmi. Hata hivyo, mwezi Julai mwaka huo ardhi iliporomoka pale na kuua watu wanane.

Muziki wa eneo hili ulipita njia inayofanana na hiyo: ulichukuliwa hapa, ukasindikwa kwingine, ukauzwa kwingine. Hata Mwenda mwenyewe, alipokuwa tayari gwiji, albamu yake ya studio ya mwaka 1988 ilirekodiwa Cape Town. Miaka miwili baadaye alifariki katika ajali ya barabarani. Kati ya mwaka 1952 na 1988 dunia ya vyombo vya sauti ilikuwa imebadilika mara kadhaa, lakini fundi wa gitaa wa Katanga bado alilazimika kusafiri kwenda kuliko na mashine.

Leo halazimiki. Kompyuta ya mkononi ya mtumba, kadi ndogo ya sauti ya USB, maikrofoni moja, kibanio chake na vipokea sauti vya masikioni vinatosha kuwa studio. Na kile kilichokuwa ghali kuliko vyote, yaani programu ya kunasia na kuchanganyia sauti, sasa kinapatikana bila malipo na kwa haki kamili ya mtumiaji. Hizi ndizo programu huria: msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kuwagawia wengine. Msingi wa haki hizo uliwekwa na Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na Linus Torvalds akauongezea kiini cha Linux mwaka 1991. Kwa kijana wa Likasi maana yake ni nyepesi kueleza. Hahitaji kuiba programu, wala kuogopa kwamba itajifunga baada ya siku 30, wala kutafuta kadi ya benki ya kigeni.

Ya kwanza anayoweza kuianzia ni Audacity, iliyotolewa mwaka 2000 baada ya Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg kuianzisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Hiyo hufungua dirisha moja, huonyesha wimbi la sauti, na mtu hukata na kuunganisha kama anavyotaka. Anayetaka kujenga wimbo kwa tabaka nyingi huhamia Ardour, kazi iliyoanzishwa na Paul Davis. Kwenye Linux inapatikana bure pamoja na mfumo wenyewe; kwa Windows, anayetaka iliyokwisha kuundwa huombwa mchango. Zote mbili zina menyu za Kifaransa, jambo la maana katika nchi ambayo shule hufundisha kwa lugha hiyo. Pembeni yake kuna Hydrogen ya kupangia ngoma, na Guitarix, ambayo humpa mwenye gitaa la umeme mlio wa amplifaya bila kuwa na amplifaya.

Ufundi unaostahili sifa huanza hapo, kwenye kuzipanga zana hizi hadi zimtii mtu. Wengi hukata tamaa katika hatua hii, kwa sababu haina shangwe. Mtu amekaa na gitaa mapajani, anataka kuimba, kumbe kompyuta inamtaka kwanza aelewe jinsi sauti inavyosafiri ndani yake.

Sauti ikiingia kwenye kompyuta hukatwa vipande. Kwa kiwango cha kawaida cha studio, kila sekunde hukatwa vipande 48,000. Kompyuta haivishughulikii kimoja kimoja. Huvikusanya mafungu, ikalichakata fungu zima, ndipo ikalirudisha masikioni. Fungu likiwa la vipande 1,024, ule mrundikano peke yake huchelewesha sauti kwa milisekunde 21, sawa na kumsikia mtu aliyesimama umbali wa mita saba. Mpiga gitaa wa mtindo wa Katanga hawezi kufanya kazi hivyo: gumba lake linashika mdundo wa nyuzi nene, shahada inacheza juu yake, na pengo dogo kati ya kidole na sikio huvuruga vyote viwili. Fungu likipunguzwa hadi vipande 256, ucheleweshaji huo hushuka hadi milisekunde tano na ushei, na mkono hurudi katika mwendo wake.

Lakini fungu dogo huitaka kompyuta ifanye haraka. Ikishindwa, sauti hukwaruza na kukatika. Kwa hiyo fundi hutafuta mizani: anafunga programu asizozihitaji, anazima Wi-Fi, anaipa kazi ya sauti kipaumbele kwa kujiandikisha katika kundi la watumiaji wa sauti ndani ya Linux, kisha anapunguza fungu hatua kwa hatua hadi mikwaruzo ianze, na kurudi hatua moja nyuma. Zamani kazi hii ilihitaji kuanzisha JACK, mfumo wa kuunganisha programu za sauti uliozaliwa kutokana na kazi ya Ardour. Matoleo ya karibuni ya Linux huja na PipeWire, ambayo hufanya kazi hiyo kimyakimya. Kuna pia Ubuntu Studio, inayotolewa tangu mwaka 2007, ambayo humletea mtu mfumo na zana hizi zikiwa zimekwisha kupangwa pamoja.

Mtu aliyepitia hatua hizo hutoka akiwa mwingine. Anajua kwa nini sauti imekatika, na anajua pa kugusa. Mwenye studio ya kukodi humlipa fundi kwa saa. Huyu wa nyumbani amekuwa fundi wa wimbo wake mwenyewe, na jirani akija na tatizo lilelile anaweza kumsaidia.

Baada ya hapo kinabaki kile ambacho hakuna programu inayoweza kukifanya: kutega maikrofoni. Tracey alisifika kwa mkono wake katika jambo hili. Alipenda kuishika maikrofoni mwenyewe, akiisogeza kufuata chombo kinachopaswa kusikika. Mpiga gitaa wa nyumbani hana mtu wa kumshikia, basi huiweka kiasi cha sentimita 25 hivi kutoka kwenye gitaa, ikielekea pale shingo inapokutana na mwili wa chombo. Ikielekezwa moja kwa moja kwenye tundu, besi hufura na kufunika kila kitu. Ikisogezwa mbali, chumba huingia kwenye wimbo. Katika mtindo wa vidole viwili, gumba na shahada ni kama watu wawili wanaozungumza, na maikrofoni ikitegwa vizuri msikilizaji humsikia kila mmoja kwa sauti yake.

Chumba nacho kina mambo yake. Nyumba nyingi za Likasi zimeezekwa kwa bati, na masika ya Katanga, kuanzia Novemba hadi Machi, hayana huruma kwa maikrofoni. Fundi hunasa alfajiri, kabla ya mvua na kabla ya pikipiki. Hutundika blanketi nzito nyuma yake na kuegemeza godoro ukutani ili sauti isirudi. Umeme ukikatika, kompyuta hubaki kwenye betri, na hapo mara nyingi ule mvumo wa hezi 50 unaotambaa kutoka kwenye nyaya za ukutani hutoweka. Betri hiyo ina kobalti, na nyaya zina shaba, madini ambayo watu wa mji huu wameyachimba na kuyayeyusha kwa miongo mingi. Safari hii yamerudi nyumbani kufanya kazi ya mwenyeji.

Kiwango cha kuingiza sauti huwekwa chini, kilele kikiwa karibu na desibeli 12 chini ya ukomo, maana sauti iliyopasuka haishoniki. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa hutetema mara 82 kwa sekunde. Hivyo kila mngurumo ulio chini ya hezi 70 unaweza kuchujwa bila kuugusa wimbo. Kisha tabaka la pili: sauti ya mwimbaji. Tabaka la tatu: chupa ya soda inayogongwa kwa kijiti, kama walivyofanya wapiga gitaa kavu wa Afrika Mashariki. Mtu mmoja anakuwa kundi zima, na kila tabaka hubaki peke yake, tayari kurekebishwa kesho.

Kuna watakaosema kwamba simu inatosha. Kwa kumbukumbu ya haraka, ndiyo. Lakini simu nyingi huifinya sauti ili faili liwe dogo, huikandamiza pale gitaa linapopanda, na huyaweka yote katika tabaka moja lisilotenganishika. Wimbo wa dakika tatu ulionaswa kwa biti 24, maikrofoni moja, huchukua megabaiti 26 hivi; ukihifadhiwa kwa muundo wa FLAC, ambao nao ni huria, hupungua bila kupoteza hata chembe ya sauti. Flashi ya kawaida hubeba mamia ya nyimbo za namna hiyo.

Ubora huo una kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliweza kuchambua upigaji wa Mwenda noti kwa noti na kuuchapisha katika jarida la African Music, kwa sababu gitaa lilikuwa limenaswa kwa usafi wa kutosha. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza John Low alikwenda Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na wenzake, akaandika kitabu juu ya safari hiyo. Kiu yake nayo ilitokana na kilichosikika kwenye santuri. Kilichonaswa vizuri hufundisha hata baada ya mwalimu kuondoka.

Na Tracey aliacha somo jingine ambalo wanaonasa nyumbani wasilipuuze. Kila rekodi aliiandikia maelezo: mpigaji, lugha, chombo, mahali. Rekodi hizo zimetunzwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Faili lililoitwa "wimbo mpya 3" ni yatima kabla ya mwaka kuisha. Ardour na Audacity zote zina nafasi ya kuandika jina la msanii, mwaka na maelezo ndani ya faili lenyewe, na kuijaza hakuchukui hata dakika moja.

Likasi bado ina wazee wanaojua mtindo wa vidole viwili, na ina vijana wenye kompyuta. Msomaji aliye na mjomba wa namna hiyo amketishe mbele ya maikrofoni mwezi huu, aandike jina lake kamili na jina la wimbo, aweke nakala mbili mahali tofauti, na ya kwanza amkabidhi mjomba mwenyewe.