Uchungu wa Akeyo, Utamu wa Zabibu

Mteja wa Kisumu akiagiza mvinyo, aghalabu huagiza mtamu. Mhudumu huwa keshajua. Analeta Four Cousins au 4th Street iliyopoa vizuri, anamimina, anaenda zake. Meza ya pili hakosekani mtu aliyekaa Nairobi miaka kadhaa akafundishwa huko kwamba mvinyo wa watu wazima ni ule mwekundu mkavu. Huyo hukunja uso. Mimi niko upande wa mteja wa kwanza, kwa sharti moja ambalo nitalifikia.

Mvinyo mwekundu mkavu una ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi unaokausha ulimi. Kwa nyama ya mafuta ni sawa. Kwa samaki ni balaa. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walionja mvinyo wa aina nyingi pamoja na samakigamba aina ya scallop, wakaonyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo yana mkono katika ile ladha ya shombo inayobaki mdomoni baada ya kumeza. Kadiri chuma kinavyozidi, ndivyo shombo linavyozidi. Ukijumlisha na ukakasi, ngege mzuri aliyevuliwa alfajiri analiwa kana kwamba amelala siku tatu juani. Na mji huu hula samaki kabla ya kula chochote kingine.

Ninayemfikiria ninapoandika haya ni mama mmoja wa Milimani anayepikia wageni nyumbani kwake kwa oda. Wenzake humwita Nyar Seme, yaani binti wa Seme, kwa ule mtindo wa kumwita mwanamke kwa kwao. Hajasomea mvinyo popote. Alianza kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na chupa zao, na chupa zikawa zinamharibia chakula.

Chupa mpya akiletewa, hafanyi mbwembwe. Anamimina kidogo, ananusa, anaonja, kisha anauliza swali lile lile kila mara: "Ndimu iko wapi?" Akiikosa anairudisha chupa kwa mwenyewe kwa adabu zote. "Hii ni sharubati, baba. Mpe mtoto."

Swali hilo ndilo sharti langu: utamu uwe na uchachu. Zabibu zikisagwa, hamira hula sukari yake na kuigeuza kileo. Mtengenezaji akitaka mvinyo ubaki mtamu, ana njia kadhaa: aikatishe kazi hiyo katikati kwa baridi na kuchuja, au aongeze pombe kali inayoiua hamira, au aache zabibu mtini mpaka zinyauke na sukari ijikusanye kupita uwezo wa hamira. Njia zote hizo huacha sukari. Hakuna hata moja inayozalisha uchachu mpya. Huo hasa hutoka shambani, kwenye zabibu yenyewe. Utamu usio na uchachu hukinaisha kwenye glasi ya pili. Wenye uchachu hukuosha kinywa, ukarudi kwenye sahani na ulimi mpya.

Na uchachu si mgeni huku ufukweni mwa Ziwa Victoria. Uji wa wimbi hutiwa ukwaju. Maziwa yaliyolala yana heshima kuliko yaliyokamuliwa leo. Wazee walipozunguka chungu cha kong'o, kila mmoja na oseke yake, mrija ule mrefu, walikuwa wanavuta pombe ya nafaka iliyochachuka. Kinywa cha Ziwa kinaujua utamu wenye ncha. Kilichokosekana ni mtu wa kuutafuta kwenye chupa.

Chupa anazozipenda Nyar Seme ni za zabibu za Muscat, ukoo wa zamani wenye majina mengi. Afrika Kusini tawi lake la Alexandria huitwa Hanepoot. Ni zabibu chache sana ambazo mvinyo wake hunukia zabibu, na Muscat ni mojawapo. Inanukia pia maua ya mchungwa na waridi. Harufu hiyo hutokana na viambato vilivyomo ndani ya zabibu yenyewe, linaloli na geranioli vikiwa mbele. Sasa njoo jikoni. Mbegu za dhania, zile kavu zinazouzwa kwa kipimo kwenye maduka ya Wahindi mjini, zina mafuta ambayo zaidi ya nusu yake ni linaloli hiyo hiyo. Iliki nayo inayo, japo kidogo.

Nyar Seme hajui jina la linaloli wala halihitaji. Anachojua ni kwamba akizikaanga mbegu za dhania kwenye sufuria kavu hadi zianze kurukaruka, akazitwanga zikiwa moto na kuzinyunyiza kwenye mchuzi wa nyanya dakika ya mwisho, basi chupa na sufuria huanza kunukia udugu. Nimemwona akiinamia sufuria, kisha glasi, kisha sufuria tena, akiongeza dhania nusu kijiko. Alipotosheka alifunika. Samaki mwenyewe alikuwa amechanjwa mikato mitatu ya mshazari kila ubavu, akakaangwa mpaka ngozi ikakauka, kisha akatiwa kwenye mchuzi kwa muda mfupi tu, anyonye bila kulainika. Alikuwa wa ufuko wa Dunga, si yule wa barafu anayetoka China. (Huyu tunayemwita ngege siku hizi kwa kawaida ni sato wa Nile, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950, na ngege wa asili amekuwa adimu. Lakini hayo ni machozi ya siku nyingine.)

Pilipili ina hesabu yake. Kileo huuchochea ukali wake, sukari huutuliza. Kwa hiyo mchuzi ukiwa mkali, anatafuta chupa tamu yenye kileo kidogo. Moscato d'Asti ya Italia, yenye asilimia 5 hivi, ingefaa kabisa anapoipata, na haipati mara nyingi. Muscadel nzito za Robertson kule Afrika Kusini, zilizoongezwa pombe kali zikavuka asilimia 15, haziruhusu zikaribie pilipili hata kidogo. Hizo zinangojea njugu karanga na simsim iliyokaangwa, na hapo, nakiri, sijawahi kuona kitu kikikaa vizuri zaidi na simsim.

Ila kazi anayoifanya kwa subira kuliko zote ni akeyo. Wengine huiita dek, Waswahili mgagani. Siku ya kwanza majani yanachambuliwa moja moja, yanachemshwa, na maji yale ya kwanza yanamwagwa. Yanatiwa maziwa, yanatokota polepole, yanalala kwenye chungu. Kesho yake yanaongezwa maziwa tena na kurudi motoni. Wapo wanaofika siku ya tatu. Uchungu hauondoki. Unalainika, unakuwa na mgongo wa malai, na unakaa nyuma ya ulimi ukisubiri. Mvinyo mkavu ukifika pale hugombana nao. Uchungu na ukakasi huongezeana. Mtamu wenye uchachu unausukuma uchungu nyuma kwa muda, mafuta ya maziwa yanaishika harufu ya maua, halafu uchungu unarudi taratibu, na mkono unaenda kwenye sahani bila kuamriwa. Zunguko hilo ndilo analolijenga kwa siku mbili. Mgeni hulimaliza kwa dakika kumi na kuomba kingine.

Pembeni huweka ugali wa mtama na muhogo, ule wa kahawia. Nao una ukakasi wake wa mtama, na ndiyo sababu nyingine ya kutoongeza ukakasi wa chupa.

Joto la Kisumu ni adui wa kazi hii. Vitabu vya mvinyo vinaposema "joto la chumba" vinazungumzia vyumba vya Ulaya; alasiri ya hapa inagonga nyuzi 30 bila kujitahidi. Mvinyo mtamu ukipata moto unalegea, sukari inapanda mbele na uchachu unajificha. Yeye anautaka kwenye nyuzi 8 hadi 10. Umeme ukikatika, anatuma mtu akalete barafu, ile ile wanayopakia nayo samaki, anaichanganya kwenye ndoo na maji na konzi ya chumvi, na kwa robo saa chupa iko tayari. Anamimina kidogo kidogo, kwani glasi iliyojaa hupata moto kabla haijafika nusu.

Halafu kuna suala la vidole. Samaki huliwa kwa mkono, na mkono wa kulia ukishika glasi, mafuta na shombo hukaa kwenye ukingo, pale pale pua inapopita. Kwake glasi huwekwa kushoto kwa sahani, na mgeni mpya akijisahau, anamsogezea tena bila neno. Birika la kunawia lina maji ya uvuguvugu na vipande vya ndimu. Sijaona hoteli kubwa inayofikiria hilo.

Jalebi haziletwi mvinyo ukiwa mezani. Chakula kikiwa kitamu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka maji ya siki. Anayetaka jalebi atapewa chai ya rangi yenye tangawizi. Asiyetumia kileo, na meza yake haikosi Waislamu na Waadventista, hupewa maji ya ukwaju yaliyotiwa asali kwa kipimo kile kile cha ndimu anachokidai kwenye chupa, na akeyo humwendea vilevile.

Kinachonisumbua ni rafu za dukani. Zimejaa chupa za Afrika Kusini, na si kosa lao, wanajua kazi. Lakini Naivasha kuna zabibu zinazotengenezwa mvinyo wa Leleshwa, na ng'ambo ya Ziwa, ukishavuka Mwanza na kushuka kusini, kuna Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka na Chenin Blanc inalimwa pamoja na zabibu nyekundu ya Makutupora. Chenin Blanc inasifika kwa kushikilia uchachu wake hata kwenye jua kali, na huko Loire, Ufaransa, imetoa mvinyo mtamu unaoishi miongo. Nyar Seme alipolisikia hilo hakusema mengi. Aliuliza kama kuna mtu anayesafiri Dodoma hivi karibuni, na kama anaweza kurudi na chupa mbili, moja ya kuonja na moja ya akeyo.